Paka wa Nyumba Haingwa: Namna ya Kumchagua na Kukaa Naye

Wahenga wetu wa pwani walituachia usemi kuwa paka wa nyumba haingwa, yaani paka aliyekwisha kuwa wa nyumba hafukuzwi. Usemi huu aghalabu hutumiwa kwa binadamu, pale jamaa anapokosa na watu wakataka kumtoa, kisha mzee mmoja akasimama akawakumbusha kuwa huyu ni wetu, na mbaya wetu ni wetu pia. Lakini wahenga hawakuuchagua mfano wao ovyo. Hawakusema mbuzi wa nyumba wala kuku wa nyumba, kwa kuwa hao mwisho wao ni kisu. Walimtaja paka kwa sababu yeye peke yake hupita barazani, akaingia ukumbini, akafika jikoni na hata juu ya kitanda cha mwenye nyumba, wala mtu asimwulize anakwenda wapi.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa baina ya paka apitaye nyumbani na paka anayefugwa nyumbani. Wa kwanza hula akipata na hulala anapojua mwenyewe. Wa pili ni amana. Siku hizi watoto wetu hawaridhiki tena na yule wa kwanza. Kila likizo ya shule hurudi na kinyaunyau kifuani, wakimwomba mama yao awakubalie, na mama huchoka akakubali, bila ya mtu yeyote nyumbani kujiuliza kama paka huyo ndiye, au kama nyumba hiyo inamfaa. Makusudio yangu leo ni kuzungumza na msomaji mwenye nia ya kuweka paka katika nyumba yenye watoto na wazee: amtazame vipi kabla ya kumchukua, na akishamchukua aishi naye vipi.

WALIKUJA NA PEPO

Kwanza tumjue mgeni wetu. Wataalamu wa nasaba za wanyama walitangaza mwaka wa 2007 kuwa paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka wa mwituni wa nchi za Mashariki ya Karibu. Watu wa huko walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja kwa nafaka, na paka wakaja kwa panya. Katika kisiwa cha Kupro palifukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka takriban miaka 9,500 iliyopita, na habari zake zikachapishwa mwaka wa 2004. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo hapana shaka aliyempeleka alimvusha bahari kwa chombo.

Huko kuvushwa bahari ndiko kunakotuhusu sisi watu wa pwani. Jahazi linalobeba mchele na tende hubeba na panya, na nahodha mwenye akili hakukosa paka chomboni. Atembeaye Lamu leo, kuanzia gatini hadi sokoni mbele ya Ngome, atawaona paka wa kila rangi wakingoja wavuvi: wembamba, wenye miguu mirefu, masikio makubwa na shingo iliyonyooka. Wageni wengi hupenda kusema kuwa ni kizazi cha paka wa Mafirauni, kwa vile wanafanana na masanamu ya Misri. Ni maneno matamu, lakini uchunguzi wa nasaba uliotangazwa mwaka wa 2008 uliwaweka paka wa pwani yetu karibu na paka wa Asia. Mtu anayejua safari za kaskazi na kusi hatashangaa. Zilikokuja nguo na vyungu ndiko waliko na jamaa za paka wetu.

Wapo pia wale wa msitu wa Arabuko Sokoke, katika nchi ya Wagiriama, wenye manyoya ya mabaka mfano wa gome la mti. Mwaka wa 1978 mama mmoja wa Watamu, Jeni Slater, aliwaokota watoto wa paka wa namna hiyo katika shamba lake akawalea. Baadaye wengine walipelekwa Denmark na Marekani, wakaandikwa katika vitabu vya wafugaji kama kabila maalumu liitwalo Sokoke. Leo mtu wa Ulaya hulipa fedha nyingi kumpata paka huyo, ilhali nasi tunawapita jamaa zake vichochoroni kila siku na kuwarushia maji. Msomaji asiende mbali basi kutafuta paka mzuri. Yule wa manyoya marefu na uso bapa anayeonekana katika picha za matangazo hutaabika sana kwa joto letu, hupumua kwa shida na hutaka kuchanwa nywele kila siku. Paka wetu wa manyoya mafupi ameizoea pwani karne nyingi.

DINI INASEMAJE

Katika nyumba zetu swali la kwanza huwa si la gharama bali la tohara. Je, nitaswali vipi na paka ndani?

Jawabu ni la zamani, na lilitoka katika nyumba ya familia kama zetu. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik na katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi kuwa Bibi Kabsha binti Kaab alikuwa akimmiminia maji ya udhu mkwewe, Abu Qatada. Akaja paka mwenye kiu, na mzee yule akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Mkwe akabaki kumtazama kwa mshangao. Abu Qatada akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, na kuwa ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Maji aliyonywa paka basi hayaharibiki kwa kunywewa naye, isipokuwa mdomo wake ukionekana una damu ya panya au uchafu mwingine.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Mkojo wake na choo chake ni najisi, na mahali pake hapana budi paoshwe. Ama nywele zake, sisi tufuatao madhehebu ya Imam Shafi tumefundishwa kuwa unywele wa mnyama asiyeliwa, ukitengana naye yu hai, huhesabiwa najisi, lakini ukiwa mchache husamehewa. Kwa hiyo unywele mmoja au miwili katika kanzu haimzuii mtu kwenda msikitini, lakini mswala usifanywe kitanda cha paka. Kunja mswala wako ukimaliza, uweke juu, na shida yote imekwisha.

Kuhusu kumnunua, imo katika Sahihi Muslim hadithi ya Jabir inayokataza thamani ya paka. Imam Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu, aliieleza kuwa inamhusu paka asiye na manufaa, au kuwa ni makatazo ya kupendelea lililo bora, ili watu wazoee kupeana paka kwa hiba na kuazimana. Naona desturi ya pwani imefuata njia hiyo hiyo. Tangu jadi paka wetu hawauzwi. Mtu humwambia jirani yake, "Akizaa niwekee mmoja," na mambo huishia hapo. Nami ningependa desturi hiyo idumu, maana anayepewa paka na jirani humjua mamake, na faida ya kumjua mamake nitaieleza hapa chini.

Kabla sijaondoka hapa, kuna kisa kipendwacho cha Mtume kukata mkono wa joho lake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake. Watoto hukisikia kwa furaha, lakini hakipatikani katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa, na si vyema kumnasibishia Mtume lisilothibiti. Lililothibiti linatutosha: Abu Huraira, yaani baba wa kipaka, aliitwa hivyo kwa kipaka alichokuwa akicheza nacho akichunga mbuzi, na katika Bukhari na Muslim, mwanamke aliingia motoni kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie.

MZOZO NYUMBANI KWANGU

Nyumba yangu imo Mji wa Kale, Mombasa, na ndani yake anakaa mamangu mzazi, aliyevuka miaka themanini. Tangu babangu alipofariki, mwenzake ni paka jike wa kijivu. Mwezi wa Ramadhani paka huyo ndiye humwamsha kwa daku. Hupanda kitandani, akamgusa mkono kwa kiganja, kisha hutangulia jikoni kumngoja. Mamangu haoni vizuri tena, na husema kuwa akikanyaga ngazi hujua palipo salama kwa kusikia paka anapokanyaga mbele yake.

Miaka mitatu iliyopita binti yangu alipata mimba yake ya kwanza akaja kwetu kungojea kujifungua, kama ilivyo ada. Juma lake la kwanza halikwisha, dada yangu akaja akaniita ukumbini. "Kaka," akasema, "nimeambiwa na watu wanaojua. Paka huharibu mimba na kumpofusha mtoto tumboni. Chagua moja, paka au mjukuu."

Mamangu alikuwa ameketi hapo hapo. Hakubisha. Alimpapasa yule paka mara moja akasema, "Mimi sina neno, mwanangu. Nyumba ni yako."

Msomaji aliye na mzazi mzee anajua uzito wa maneno kama hayo. Dada yangu naye hakusema kwa uovu, kwa kuwa hofu yake ilikuwa ya mtoto. Nikamwomba anipe siku mbili, nikafuatana na binti yangu kliniki ya waja wazito, tukamweleza nesi jambo letu mbele ya kina mama wengine waliokuwa wakingoja zamu.

Nesi hakucheka wala hakutisha. Alisema ugonjwa upo kweli, na jina lake ni toksoplasmosi. Unaletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, na mwanamke akiupata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba unaweza kumdhuru mtoto macho na ubongo. Lakini haushiki kwa kumshika paka wala kwa kukaa naye chumba kimoja. Kijidudu hutoka katika choo cha paka, na aghalabu paka hukitoa kwa majuma machache tu maishani mwake, pale anapoambukizwa mara ya kwanza kwa kula panya au nyama mbichi. Zaidi ya hayo, choo hicho hakiambukizi hapo hapo. Hupita baina ya siku moja na tano kabla ya kuwa na nguvu ya kudhuru. "Basi mzee," akaniambia, "mchanga wa paka utolewe kila siku, na asiutoe yeye. Ala nyama iliyoiva, aoshe mboga na nyanya za kachumbari vizuri, na akishika udongo anawe kwa sabuni. Wengi huupata kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa kuliko kwa paka wao."

Tulirudi tukaandika sheria nne ubaoni jikoni. Mchanga aliutoa mwanangu wa kiume kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Paka alipewa chakula kilichopikwa, na usiku alifungiwa ndani asiwinde. Milango ya chumba cha mwenye mimba ilifungwa. Dada yangu alikuja kila Ijumaa kukagua. Mjukuu wangu alizaliwa mzima, wa kike, na siku ya arubaini dada yangu mwenyewe ndiye aliyemkatia paka kipande cha samaki. Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu najua paka wangapi hutiwa guniani kila mwaka kwa hofu hiyo, na wazee wangapi hunyang'anywa mwenzao, ilhali karai la mchanga na mtu wa kulisafisha vingetosha.

KUMCHAGUA

Sasa tufike kwa anayetaka kuanza. Swali la kwanza ni umri. Mtoto wa paka asitolewe kwa mamake kabla ya majuma manane, na akingoja hadi kumi au kumi na mawili ni bora zaidi. Katika siku hizo mamake na nduguze humfundisha kuuma bila kuumiza na kuficha makucha achezapo. Anayeondolewa mapema mno mara nyingi hukua mwoga na mkwaruzaji, na watoto wa nyumba ndio hulipa. Jambo la pili ni kwamba baina ya juma la pili na la saba ndipo moyo wake unapozoea binadamu. Kipaka kilichoshikwa kwa upole na watu mbalimbali katika majuma hayo huwa rafiki wa watu maisha yake yote. Kilichozaliwa darini kisimwone mtu mpaka miezi mitatu kitakuwa na kazi kubwa kukuamini. Hii ndiyo maana nikasema umjue mamake. Nenda ukamtazame. Mama akija kukunusa, watoto wake nao wana tumaini. Akikimbia kila aonapo mtu, fikiri mara mbili.

Si lazima achaguliwe mtoto. Nyumba yenye mchanga aliyeanza kutambaa, au yenye mzee asiyeona, mara nyingi hufaidi zaidi kwa paka mzima aliyetulia, wa miaka miwili au zaidi, kwa kuwa tabia yake imekwisha kujulikana. Kipaka hupita miguuni kama mpira, na mzee huanguka.

Ukifika walipo watoto wa paka, usinyanyue wa kwanza. Keti chini, nyamaza, watazame. Anayejificha nyuma kabisa na anayewakanyaga wenziwe kwa fujo, wote wawili si wa nyumba yenye watoto wadogo. Mtafute yule anayekuja baada ya kusita kidogo. Buruta uzi sakafuni uone kama anaufuata. Mbebe: akijikaza kisha akalegea, ni dalili njema.

Baada ya hapo mkague kama unavyomkagua mbuzi wa Idi. Macho yawe maangavu, yasiyotoa tongo. Pua isitoe kamasi. Ndani ya masikio pasiwe na uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, maana huo ni utitiri. Ufizi uwe wa waridi, usiwe mweupe. Tumbo lisivimbe kama ngoma huku mgongo ukiwa mifupa mitupu, kwani hiyo ni minyoo. Manyoya yasiwe na viraka vya mviringo vilivyonyonyoka. Hivyo huenda ni choa, na choa hicho huhamia kwa watoto wa watu. Mambo haya yanatibika, lakini heri uyajue kabla hajaingia nyumbani kuliko baadaye.

Rangi je? Wapo wanaomkataa paka mweusi kwa kusema ni jini. Weusi wake ni wa manyoya tu, na mimi nimewaona paka weusi wapole kuliko wote. Hata hivyo rangi hueleza mambo mawili matatu ya kweli. Paka wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa, karibu kila mara ni jike. Wa rangi ya chungwa tupu wengi wao ni madume. Mweupe mwenye macho ya buluu mara nyingi huwa kiziwi, kwa hiyo piga kofi nyuma yake uone kama atageuka. Kiziwi anafugika vizuri, ila asiachwe kutoka nje penye pikipiki na tuktuk.

Jambo la mwisho ni la watu wenyewe. Mtu mwenye pumu nyumbani apelekwe kwanza akae saa nzima na paka huyo, zaidi ya mara moja. Kinachowadhuru si unywele wenyewe bali mate na ukoga wa ngozi yake, kwa hiyo hata paka wa manyoya mafupi huweza kumkabisha mtu. Kumkataa kabla hajaja si kosa, ila kumzoea kisha kumtupa ndiyo dhuluma.

KUMLISHA NA KUMKALISHA

Siku za mwanzo mpe chumba kimoja tu, chenye maji, chakula, mahali pa kujificha na karai la mchanga. Karai liwe mbali na chakula, maana paka hali karibu na choo chake, na katika hilo ametushinda sisi tujengao choo kando ya jiko. Mchanga ukiwa wa pwani uoshwe chumvi na uanikwe kwanza. Akizoea chumba hicho, mfungulie nyumba kidogo kidogo.

Kuna usemi mwingine kuwa paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Wahenga wamesadifu hasa. Mwili wa paka hauwezi kukaa bila nyama au samaki, na anayelishwa wali kwa mchuzi peke yake, hata akishiba tumbo, huweza kuharibika macho na moyo kwa muda. Pia usimnyime chakula kwa kudhani kuwa njaa itamfanya awinde. Aliyeshiba huwinda vile vile, kwa kuwa kuwinda ni tabia yake.

Mpe vichwa na mikia ya samaki iliyochemshwa na kutolewa miba, dagaa wasio na chumvi, nyama ya kuku isiyo na mifupa iliyopikwa, na ini kidogo mara moja moja. Samaki wa mafuta kama jodari asiwe chakula chake cha kila siku. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi mno. Usimwekee makombo ya biriani, maana vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwa damu yake. Maziwa ya ng'ombe, ijapokuwa kila kitabu cha watoto kina picha ya paka na kibakuli cha maziwa, huwaharisha paka wengi waliokwisha kukua. Maji safi yanamtosha.

Chakula chenu kifunikeni kwa kawa lenye kukaza. Paka aliyepanda mezani hana dhambi. Aliyeacha samaki wazi ndiye wa kulaumiwa. Wala asipigwe. Paka hafahamu kipigo kama adhabu, hujifunza tu kumwogopa aliyempiga. Watoto nao wafundishwe mapema: asivutwe mkia, asiamshwe akilala, asisumbuliwe akila, na aliye chini ya miaka mitano asimbebe bila mkubwa kuwapo.

DAWA NA HATARI

Mpelekee daktari wa mifugo mara tu umchukuapo. Atampa dawa ya minyoo, na afikapo miezi mitatu atamchanja chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kwa wakati atakaoutaja. Watu husahau kuwa kichaa hicho humpata paka pia. Serikali yetu iliweka mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya binadamu kwa ugonjwa huu, na chanjo ya wanyama wetu ndiyo ngao ya kwanza. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asitie mafuta ya taa, pilipili wala kahawa. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili, dawa haipo tena.

Yapo mengine matatu yanayoua paka majumbani kimya kimya. La kwanza ni dawa ya maumivu ya binadamu iitwayo paracetamol, ambayo kidonge kimoja huweza kumuua. La pili ni dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. La tatu ni sumu ya panya: paka akimla panya aliyelewa sumu, naye huweza kwenda. Mwenye paka asitege sumu.

WASIO NA HATIA GUNIANI

Nimeliacha la mwisho lililo gumu. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, huibeba kwa takriban siku 63 hadi 65, na kwa mwaka huweza kuzaa mara mbili au tatu, kila mara watoto watatu hadi watano. Hesabu hiyo ndiyo inayojaza masoko yetu. Kila anayefika Marikiti alfajiri amewahi kuliona gunia likitikisika, lililofungwa kamba, limewekwa na mtu aliyeondoka haraka kabla ya kutambuliwa. Wengi hujifariji kuwa sokoni watapata chakula. Walio chini ya majuma manne hawawezi hata kula, na waliobaki huangukia paka shume, magurudumu na maradhi.

Dawa ipo, nayo ni kumfunga kizazi kwa daktari. Hapa tusifiche kuwa wanavyuoni wametofautiana. Wa zamani wa madhehebu ya Shafi hawakuruhusu kuhasi mnyama asiyeliwa, ilhali wengi wa zama zetu wameruhusu kumzuia paka uzazi inapokuwapo haja na asipodhurika, wakiona kuwa ni heri kuliko kumwua au kumtupa. Msomaji mwenye shaka na amwendee sheikh wake amwulize, naye amweleze hali ilivyo kweli: wamezaliwa wangapi, na wamekwenda wapi. Asiyetaka njia hiyo basi amzuie paka wake ndani nyakati anapolilia dume, au achague dume tangu mwanzo, na awe tayari kuwatafutia wenyewe kila mtoto atakayezaliwa. Njia isiyokuwapo kabisa ni ile ya gunia. Yule mwanamke wa hadithi alimfungia paka mmoja. Sisi twajua tumefunga wangapi.

Paka aliyetunzwa huishi miaka 12 hadi 15, na wengine hufika 20. Mtoto wa darasa la kwanza anayemleta kipaka leo huenda akawa ameoa na paka yungali hai. Kwa hivyo siku atakapokuja nacho kifuani, mzazi asiseme ndiyo wala la papo hapo. Amketishe amwulize: nani atatoa mchanga, nani atamlisha siku za safari, na fedha za chanjo zitoke wapi. Majibu yakipatikana, na aingie kwa bismillahi, maana akishaingia ni wa nyumba, na wa nyumba haingwa.